Darasa la saba: kumwandaa mtoto kwa shule za vipaji maalumu

Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, sekondari za vipaji maalumu nchini Tanzania, huchukua watoto waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa taifa wa darasa la saba. Masomo ni sita, alama 50 kila moja, kwa hiyo somo moja likilegea linamrudisha mtoto nyuma.

Anza na hisabati, dakika 40 kila siku. Mpe maswali kumi ya mitihani iliyopita, kisha pitia kazi yake mstari kwa mstari. Akiandika 0.4 × 0.3 = 1.2, usimpe jibu. Mwambie ahesabu tarakimu zilizo nyuma ya nukta: ni mbili, basi jibu ni 0.12. Kosa hilo liingie kwenye daftari la makosa, alirudie baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Daftari hili lina faida kuliko tuisheni ya usiku, inayomfanya asinzie darasani kesho yake.

Fomu ya majibu, ambamo mtoto hutia kivuli kwenye herufi ya jibu, nayo inawaponza wengi. Akiruka swali la 12 na kuweka kivuli cha 13 mahali pake, yote yanayofuata yanahama. Azoee penseli ya HB na raba safi, na kila baada ya maswali matano alinganishe namba.