Simu yako kabla ya kuvuka mpaka

Anza kuilinda simu ukiwa bado Uyole au Mafinga, siku mbili kabla ya safari, si kwenye foleni ya Tunduma. Na usianze kuhangaika na Pegasus, programu ya kupeleleza simu kwa siri. Ile ni ghali, huelekezwa kwa wachache. Wengi huponzwa na simu iliyoachwa mezani dakika moja.

Fungua WhatsApp, gusa vitone vitatu, kisha Vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe. Aliyeishika simu yako ikiwa wazi alihitaji kuskani msimbo mmoja tu. Sasa anasoma akiwa kwake hata ukiizima. Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, tarakimu sita. Bila huo, atakayepewa laini yako kwa mlango wa nyuma atapokea SMS ya kusajili akaunti, na imekwisha. Nakala ya Google Drive nayo ifunge kwa nenosiri. Ukilisahau, hakuna wa kukurudishia.

Kosa sugu ni kununua laini mpya Mwanjelwa na kuiweka kwenye simu ileile. Bonyeza *#06# uione IMEI: ni namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, haibadiliki na laini, hivyo mtandao hujua ni simu ileile. Hata simu mpya, ukiibeba mfukoni pamoja na ya zamani, minara ya mtandao itaziona zikiongozana Mbalizi, Mlowo, Vwawa.

Mpakani mara nyingi kinachotakiwa ni kujua unafahamiana na nani. Mwaka 1989 Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wapatao 189,000 wa kuchunguza hayo. Leo orodha ya majina kwenye simu inatosha. Mwaka 2019 ilibainika kwamba walinzi wa mpaka wa Xinjiang, Uchina, waliweka programu kwenye simu za wasafiri ikachota majina, SMS na kumbukumbu za simu zilizopigwa.

Kwa hiyo iache ya zamani nyumbani, beba simu ya pili yenye majina ya safari tu. Isiwe tupu kabisa: simu isiyo na hata picha ya shangazi hutia shaka. Ondoa alama ya kidole, maana kidole hushikwa kikabandikwa. PIN ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Ya sita, 1,000,000. Izime simu kabla ya kufika dirishani, kwani ikiwashwa upya, kabla PIN haijaingizwa, ni ngumu zaidi kuchotwa data. Ukiamriwa kuifungua, PIN haikusaidii. Ndiyo sababu ya simu ya pili.

Ikipelekwa chumba cha nyuma, hata dakika kumi, usiandike nenosiri lolote humo tena. Badilisha manenosiri kwenye kifaa kingine, kisha irudishe simu hali ya kiwandani bila kurejesha nakala nzima.