Usiapdeti Dolphin kabla ya kukopi folda

Wenzangu mnaotumia Dolphin, ile programu ya kuchezea gemu za GameCube na Wii kwenye kompyuta, mkarekodi grafiksi za gemu kwa FIFO Player, kile kifaa chake cha kurekodi na kuonyesha tena grafiksi, yale mafaili ya .dff, kabla hujaiapdeti kopi folda nzima ya toleo ulorekodia, tia ndani faili tupu liitwe portable.txt pembeni ya Dolphin.exe, halafu na .dff zako ziweke humo humo. Hapo settingi zinakaa ndani ya folda lenyewe, haziparamii za toleo jipya.

Mie nimejua juzi hapa Mkunazini, nafungua rekodi ya zamani sura ya mtu imekuwa nyeusi tiii, nikadhani kadi ya grafiksi ishakufa! Kumbe .dff haina gemu ndani yake, ina amri zilokwenda kwenye GPU (chipu ya grafiksi ya mashine ya gemu) na hali ya memori wakati ule tu, kwa hiyo kitu ambacho toleo la zamani halikukirekodi toleo jipya halina pa kukitoa, na rekodi ya toleo jipya nayo toleo kuukuu linaweza kuikataa.

Kukopi folda hakusaidii kama hilo toleo la zamani lenyewe haliwaki kwenye draiva mpya ya kadi ya grafiksi, hapo yakhe fungua gemu urekodi upya.