Nguo Zilizobaki Dukani: Namna ya Kuwafikishia Wasio na Makazi

Kabla ya kufunga mzigo, pigia simu kituo kinachohudumia watu wasio na makazi. Uliza wanahitaji nini, saizi zipi, na wanapokea siku gani. Vituo vingi havina ghala. Magunia yasiyotarajiwa huishia uani, yakanyeshewa na kuota ukungu. Mara nyingi utaambiwa soksi na chupi mpya. Hizo hutolewa kwa nadra, nazo huchakaa upesi kwa mtu anayetembea kutwa.

Kisha chambua. Jaribu kila zipu, kaza vifungo, toa pini na lebo za bei. Nguo yenye doa au iliyochanika iache: anayepokea huenda hana sindano wala pa kufulia, naye anastahili kuvaa kitu ambacho wewe mwenyewe ungevaa. Suruali ya kiuno cha mpira huwaenea wengi. Kwa msimu wa baridi tanguliza sweta za sufi, maana pamba ikilowa hukaa na maji na kuupoza mwili, ilhali sufi hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Nguo zenye nembo ya duka, bandua nembo kwanza. Mtu asigeuzwe bango.

Pakia kwa saizi, boksi lisizidi kilo 12 ili mtu mmoja alibebe. Andika ubavuni, si juu, kwa kuwa maboksi yakipangana maandishi ya juu hayaonekani: aina, saizi, idadi. Tengeneza orodha nakala mbili, kituo kisaini zote. Moja ni ya mhasibu wako, aondoe bidhaa hizo kwenye hesabu ya stoo.