Kabla ya Sindano: Ya Kuandaa Ukitaka Kujifunza Kudarizi

Tuanze na jina, maana ndilo litakalokupotezea nauli. Hapa Moshi ukisema unajifunza "kufuma", mtu anaelewa sweta, au vile vitambaa vya kroshia vya kutandika kwenye makochi. Kudarizi ni kazi nyingine: kitambaa tayari kipo, wewe unakipamba kwa uzi na sindano. Ni zile foronya nyeupe zenye maua pembeni na "Lala Salama" katikati, ambazo mama zetu walizifungia kabatini wakisubiri wageni.

Kwa hiyo dukani usiombe uzi wa kufuma, utaletewa wa sweta. Omba uzi wa kudarizi, wa pamba, ule wa vifungu vidogo unaogawanyika nyuzi sita. Kifungu kimoja kwa kawaida kina mita 8, na kwa kuwa mara nyingi utatumia nyuzi mbili au tatu tu kati ya zile sita, hakiishi upesi kama unavyodhani. Rangi nne zinatosha kuanzia. Usikubali kupewa uzi wa cherehani badala yake. Ni mwembamba, umesokotwa kwa kukaza, na ua litaonekana kama limekonda.

Kabla hujautumia, lowesha kipande cha uzi, kikunjie ndani ya kitambaa cheupe, kisha pitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, uzi huo unachuja. Nyekundu na nyeusi ndizo za kuogopwa zaidi. Nililijua hili baada ya kumdarizia wifi yangu waridi jekundu kwenye foronya nyeupe. Ilifuliwa mara moja tu ikawa ya pinki, na wifi kwa upole wake akasema hata hiyo rangi anaipenda.

Sasa kitambaa, na hapa nina msimamo. Wengi huanza kwa kununua kitambaa kipya kizuri, halafu wanakaa nacho mwezi mzima wakiogopa kukichoma sindano. Tena pamba mpya hurudi ikifuliwa. Ikirudi baada ya wewe kumaliza kazi, maua yote yanajikunyata. Nenda soko la Memorial, hapa hapa Moshi, kwenye mashuka ya mitumba. Shuka la pamba lililofuliwa miaka kadhaa limeshamaliza kurudi, limeshamaliza kuchuja, limelainika, na moja tu linakupa vipande vya kujifunzia zaidi ya ishirini. Ukiharibu kimoja, unageuza kitambaa cha kufutia meza.

Kujua kama ni pamba kweli, kikunje kwa nguvu ndani ya kiganja, hesabu hadi kumi, kisha uachie. Pamba inabaki na mikunjo, tetroni, yaani poliesta, inanyooka kama haikuguswa. Ukifika nyumbani unaweza kuhakikisha kwa kuchomoa nyuzi chache pembeni na kuzichoma: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. (Usijaribu hilo mbele ya muuzaji.) Tisheti iache kwanza. Inavutika, na ukiitoa kwenye fremu utakuta ua limekunjamana. Kilichobaki ni kufua, kuanika na kupiga pasi, kitambaa kikiwa mitumba au kipya.

Fremu ni zile pete mbili za mbao au plastiki, moja ndani ya nyingine, zenye skrubu ya kukazia. Inayotoshea kiganjani ndiyo nzuri. Kila ukimaliza kwa siku, itoe. Ukiiacha wiki nzima inaacha duara ambalo pasi inahangaika nalo, na kwa vumbi la huku mwezi wa kwanza na wa pili duara hilo linakuwa la kahawia.

Sindano ya kudarizi ina ncha kali na tundu refu. Namba zake zinakwenda kinyume: kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 7 au 8 inafaa kwa nyuzi mbili au tatu. Uzi ukate mkono mmoja, kipimo kilekile cha bibi, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Anayeanza hupenda kukata pima nzima ili asitunge mara kwa mara, kisha jioni yote inaishia kufumua mafundo.

Mchoro usiuchore kwa kalamu ya wino. Wino huo hautoki. Bandika karatasi yenye mchoro kwenye kioo cha dirisha asubuhi, weka kitambaa juu yake, fuatisha kwa penseli iliyochongwa vizuri bila kukandamiza. Kwa kitambaa cheusi, kipande chembamba cha sabuni kinafanya kazi sawa na chaki ya fundi. Chagua kitu kidogo, jani au herufi ya jina lako. Mishono mitatu inatosha kwa miezi ya mwanzo: bandi (sindano inapita juu na chini kwa mstari), ule wa kurudi nyuma, na mnyororo (vitanzi vilivyoshikana).

Mahali pa kukaa papange mapema. Kama unashonea mkono wa kulia, dirisha liwe kushoto kwako, kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mawingu ya mlimani yakishuka, nyumba nyingi huwa na giza hata saa nne asubuhi. Toka barazani, jifunge kitenge, ushone huko. Wakati wa joto tatizo ni jasho, basi taulo liwe karibu na mikono ioshwe mara kwa mara.

Mwalimu usimtafute mbali. Kina mama wengi waliosoma sayansi kimu shuleni wanaijua kazi hii, ila hakuna anayewauliza. Nenda na kipande chako kilichoharibika, toa shikamoo, muulize mama umekosea wapi. Ataupindua upande wa nyuma kwanza, usione haya. Ila usitangaze kwa ndugu kwamba unajifunza, maana kabla hujajua mnyororo utaletewa shuka zima la sendofu ya binamu, na sendofu yenyewe ni Jumamosi ijayo.

La mwisho, tafuta kopo lenye kifuniko, hata la biskuti, na uhesabu sindano. Zikitoka tano, zirudi tano. Ikipungua moja hakuna kulala: kochi lipekuliwe, mkeka ukung'utwe, kabla mtoto hajaamka.