Chanjo na dawa ya minyoo kwa mbwa na paka: usiishie katikati ya ratiba

Mtoto wa mbwa huzaliwa tayari ana minyoo, hata kama mama yake ananawiri na manyoya yanang'aa. Viluwiluwi vya minyoo ya mviringo hulala ndani ya misuli ya jike bila dalili yoyote, kisha mimba inapokomaa huamka na kupita kwenye kondo. Minyoo ya safura nayo hupitia kwenye maziwa. Kwa hiyo dawa huanza wiki ya 2, macho yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka, na hurudiwa wiki ya 4, ya 6 na ya 8. Baada ya hapo ni kila mwezi mpaka atimize miezi 6, kisha kila baada ya miezi 3 maisha yake yote. Kila watoto wanapopewa, mama anayenyonyesha apewe siku hiyohiyo, la sivyo anawarudishia. Watoto wa paka huanza wiki ya 3.

Kabla ya dawa, pima uzito. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoharibu kazi. Panda mzani umembeba mbwa, shuka umweke chini, panda tena peke yako, utoe. Mtoto mchanga mpime kwenye mzani wa jikoni. Vidonge vingi vya mbwa vyenye mchanganyiko wa dawa tatu (prazikwanteli miligramu 50, piranteli emboneti 144, febanteli 150) ni kimoja kwa kila kilo 10, kwa hiyo mbwa wa kilo 15 anameza kimoja na nusu. Watoto hupewa dawa ya maji ya piranteli, miligramu 5 kwa kilo. Hapo soma lebo kwa makini: miligramu 144 za piranteli emboneti ni sawa na 50 za piranteli yenyewe, na watu wengi hukosea hesabu hapo. Jike mwenye mimba muulizie daktari wa mifugo kwanza.

Tafadhali usichukue dawa ya mbuzi au ng'ombe kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Levamisoli kwa mbwa ina nafasi ndogo sana kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru: ataanza kutoa udenda na kutetemeka. Albendazoli inaweza kuharibu uboho wa mifupa kwa mbwa na paka.

Namna ya kumeza: inua taya la juu kwa mkono mmoja, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, si kwenye ncha, funga mdomo, papasa koo kutoka juu kwenda chini mpaka umwone anajilamba pua. Kujilamba huko ndiko kunakokuambia kimeshuka. Paka mfuatishie mililita 3 hadi 5 za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, polepole.

Usishtuke minyoo ikitoka hai. Piranteli huipoozesha tu, utumbo ukaisukuma nje. Ukiona vitu kama punje za mchele karibu na mkundu, hao ni tegu, na mara nyingi wameletwa na viroboto. Usipoua viroboto, tegu watarudi baada ya wiki chache. (Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isimguse paka kabisa, inaua.) Kinyesi kizolewe kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji kama wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na wanaochezea udongo huo ni watoto wetu.

Inua pia mdomo wa juu uangalie ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, huenda safura imemnyonya damu. Huyo apelekwe kwa daktari leo, si kesho.

Sasa chanjo. Kwa mbwa, ya magonjwa ya virusi ya distempa, parvo (kuhara damu na kutapika) na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na ya mwisho lazima iwe wiki ya 16 au baada yake. Kinga aliyonyonya kwa mama huiua chanjo kabla haijafanya kazi, na huisha wiki tofauti kwa kila mtoto. Aliyechanjwa mara mbili akaishia wiki ya 10 anaweza kufa kwa parvo akiwa na miezi minne, mwenye mbwa akalaumu chanjo kuwa feki. Sindano iliyokosekana ni ile ya wiki ya 16. Rudia akifikisha mwaka.

Kichaa cha mbwa huchanjwa wiki ya 12 kwa mbwa na paka, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kwa muda ulioandikwa kwenye lebo. Paka ana yake ya mafua na panlukopenia (ugonjwa wa virusi unaofanana na parvo): wiki ya 8, 12 na 16. Kwa mbwa usiache chanjo ya homa ya mgunda (leptospirosisi), iliyoua watu Lindi, Tanzania, mwaka 2022: sindano mbili mwanzoni, kisha moja kila mwaka.

Chanjo hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Itoke kwenye friji au kibebea chenye barafu, na unga uchanganywe mbele yako. Usikubali kichupa cha dozi moja kigawiwe watoto wawili. Chanjo haipimwi kwa uzito, mdogo na mkubwa hupata dozi kamili. Baki hapo nusu saa. Uso ukivimba, akitapika au akizimia, anahitaji daktari papo hapo, na huenda adrenalini. Kunyong'onyea kidogo na kukosa hamu ya kula kwa siku moja au mbili ni kawaida.

Bandika stika ya kichupa kwenye kadi, na tarehe. Mbwa akimuuma mtu, kadi ndiyo itakayoulizwa kwanza, lakini haimtibu aliyeumwa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama kadi imejaa.