Lipu ya chokaa kwa nyumba kongwe ya mawe Moshi, na funzo la Hill House

Anayekarabati nyumba kongwe ya mawe Moshi au Arusha huambiwa maneno yaleyale: bandua lipu ya zamani, piga ya saruji, itadumu. Msanifu mmoja wa Uskoti aliiamini saruji hivyo hivyo, na nyumba yake ikaloa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Charles Rennie Mackintosh alizaliwa Glasgow tarehe 7 Juni 1868. Alianza uanagenzi mwaka 1884, na mwaka 1889 akaingia ofisi ya wasanifu ya Honeyman and Keppie. Jioni alisoma chuo cha sanaa, Glasgow School of Art, na ni yeye aliyekuja kuichorea jengo lake maarufu, lililojengwa kwa awamu mbili: 1897 hadi 1899, kisha 1907 hadi 1909. Mwaka 1902 mchapishaji wa vitabu Walter Blackie alimpa kazi ya nyumba ya familia mjini Helensburgh, Uskoti. Hill House ikakamilika mwaka 1904, na mapambo yake ya ndani yana mkono wa mkewe, Margaret Macdonald. Baada ya kuondoka ofisini mwaka 1913 Mackintosh alipata kazi chache. Miaka ya mwisho aliishi kusini mwa Ufaransa akichora picha za rangi za maji, akafariki London tarehe 10 Desemba 1928.

Helensburgh ni mji wa mvua ya upepo. Waskoti wa kale walifunika kuta za mawe kwa lipu ya chokaa yenye kokoto, ya kurushwa. Mackintosh aliubakiza mtindo huo wa kurusha ila akatumia saruji ya Portland, yaani saruji ya kawaida, tena juu ya kuta na dohani hakuweka mawe ya kofia ya kuzuia mvua. Lipu ilipanda hadi kileleni mwa ukuta ikaufunika yenyewe. Saruji ni ngumu kuliko ukuta ulio nyuma yake. Ukuta ukipanuka na kusinyaa, lipu hupata nyufa nyembamba; maji huingia kwa nyufa hizo, na kwa kuwa saruji haipitishi mvuke vya kutosha, hayatoki. Mwaka 2019 National Trust for Scotland, shirika linalotunza majengo ya kale, iliifunika nyumba nzima kwa paa la chuma na kuta za wavu wa pete ndogo za chuma, ili mvua isiipige huku upepo ukiikausha. Ni tiba ghali mno kwa kosa la ndoo ya lipu.

Kwa hiyo anza na maji, usianze na lipu. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Panapotoa mlio wa uwazi, lipu imeachia. Rangi iliyovimba na chumvi nyeupe kwenye mita moja ya chini ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka ardhini. Shusha udongo au zege la nje hadi milimita 150 chini ya sakafu, ziba gata zinazovuja, elekeza maji ya paa mbali na msingi. Kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pata kibali kabla ya kugusa chochote.

Bandua saruji kwa patasi na nyundo, kwa mkono. Mashine hung'oa uso wa jiwe. Mahali ambapo saruji imeshika kiasi cha kuvunja jiwe, iache. Kwangua viungo hadi kina cha milimita 25, piga brashi, kisha uache ukuta wazi ukauke. Ukuta mnene wa mawe haukauki kwa wiki mbili tu, unahitaji miezi: bandua masika yakiisha, upige lipu Agosti au Septemba, vuli ikute kazi imekwisha. Januari na Februari jua ni kali mno.

Chokaa ya mfuko iliyozimwa iloweke kwenye pipa lenye mfuniko angalau siku moja. Wiki mbili ni bora zaidi. Ukipata chokaa mbichi, ambayo haijazimwa kwa maji, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima, kwa sababu chokaa hupofua.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa iliyolowa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto wenye chembe kali, uliochekechwa kwa wavu wa milimita 5. Tikisa mchanga na maji kwenye chupa, uache utulie. Tope likizidi sehemu moja kwa kumi, uoshe. Kwa kuta za nje ongeza nusu ndoo ya unga wa tofali la kuchoma, na konzi ya katani iliyokatwa sentimita 3 hadi 5. Ponda mchanganyiko mpaka ulainike kabla hujaongeza maji. Fundi akitaka kutia saruji kidogo tu, mkatalie kabisa: lipu hiyo haipati nguvu ya saruji wala haibaki na upumuaji wa chokaa.

Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi. Rusha tabaka la kwanza la milimita 10 kwa mwiko, lichore mistari, funika kwa magunia mabichi na uyanyunyizie maji mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Lipu ikikauka haraka huwa vumbi, kwa maana chokaa hugandishwa na hewa ikiwa ingali na unyevu. Ukucha usipoacha alama tena, piga tabaka la pili. La mwisho ni la kurusha: chokaa 1, mchanga 2, kokoto za milimita 5 hadi 8 kipimo 1. Usilisugue.

Juu ya kila ukuta ulio wazi weka kofia ya jiwe au zege yenye mteremko, iliyozidi ukuta kwa milimita 40 kila upande, na chini yake mkato wa kudondoshea maji. Hapa ndipo Hill House iliponyimwa kinga.

Maliza kwa chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono (tabaka) minne au mitano. Rangi ya plastiki na ya mafuta huziba ukuta, na kazi yote ya chini huwa bure. Rudia mikono miwili chokaa inapoanza kupauka, ukianzia upande unaopigwa na mvua.