Bustani ya mvua kando ya barabara, hatua kwa hatua

Bustani ya mvua ni shimo la kina kifupi lenye mimea, linalopokea maji ya mvua kutoka barabarani ili yazame ardhini. Bustani nyingi za aina hii haziuawi na ukame. Huuawa na udongo ulioshindiliwa na mlango wa maji ulioziba, kwa hiyo mimea tutaigusa mwishoni tu.

1. Pima udongo. Chimba hadi kina cha kitako cha bustani, kisha hapo toboa kishimo cha sm 30. Jaza maji, yaache yazame, jaza tena, halafu pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya mm 12, laza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, chini ya udongo, litoe maji.

2. Piga hesabu. Mvua ya mm 25 kwenye lami ya mita za mraba 100 ni lita 2,500. Bustani ya mita za mraba 10 hushika lita 1,500 juu (kina sm 15), na udongo utakaoujaza (kina sm 60) hushika kama 1,200 zaidi. Inatosha. Kaa mita 3 au zaidi kutoka msingi wa jengo.

3. Chimba mashine ikiwa nje ya shimo. Tazama kuta: ndoo ikipita kwenye mfinyanzi huacha uso unaong'aa kama uliopigwa lipu, na hapo maji hayapenyi. Ukwaruze kwa reki.

4. Changanya mchanga ndoo 3, udongo wa juu 1, mboji 1. Jaza bila kushindilia.

5. Mlango wa maji. Kata ukingo wa barabara sm 45, uso wa bustani uwe sm 20 chini ya lami: sm 15 za maji, na sm 5 za mteremko. Bila mteremko huo, majani na mchanga hujenga kizingiti kidogo mlangoni, na maji hupita zake. Weka mawe ya kuvunja kasi, na tundu la kumwagia ziada sm 15 juu ya udongo.

6. Panda mimea inayovumilia mafuriko na kiangazi pia.

Maswali

Mbu je?
Kiluwiluwi huhitaji takriban wiki kuwa mbu. Maji yakiisha ndani ya saa 48, hana muda. Yakikaa siku 3, kwangua tope la juu.

Niweke kitambaa cha kuchuja kati ya udongo na kokoto?
Usiweke, kinaziba. Tandaza kokoto ndogo sm 10 badala yake.

Ujenzi jirani haujaisha. Nianze?
Subiri. Tope la eneo la ujenzi huziba bustani mpya kwa mvua moja kubwa, na dawa yake ni kuchimbua udongo wote.